Jibu Lililovuja

"Wambeti! Wambeti wa Kivuti! Kuja hapa nikukumbatie!"

Njoki, muuza ndengu wa soko la Siakago, alikuwa ameacha mizani ikining'inia na wateja wakimshangaa. Alivuka barabara mbio, leso ikimponyoka kiunoni, na kabla Wambeti hajauliza kuna nini, akapigiwa vigelegele sikioni hadi akaziba masikio.

"Mama, ni nini? Umeshinda bahati nasibu?"

"Wewe usijifanye! Arusi ni lini?"

"Arusi ya nani?"

"Ati ya nani! Yako na huyo Mmeru wako! Unatuficha sisi, na tumekusikia na masikio yetu ukikubali."

Wambeti alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Kukubali alikuwa amekubali kweli. Shida ni kwamba hakuwa amemwambia mtu. Babake hakujua. Hata Mmeru mwenyewe, kwa jinsi alivyokuwa kimya, ilionekana bado hajajua.

"Nani amekwambia?"

"Si ni wewe! Ngoja." Njoki akachomoa simu kifuani, akaipangusa kwa leso. "Ona. Iko kwa hii chaneli ya Telegramu ya sinema za bure. Woi, nimelia! Vile Mzee Munyi anakufa, nimelia kama ni kweli. Halafu majina yakapita, nikitaka kuzima, nikakuona."

Kwenye kioo alikuwa Wambeti mwenyewe, jikoni kwa mamake, amekalia kigoda, moshi ukimwingia jicho moja.

"Kiogora," ikasema ile sauti yake, "uliniuliza Krismasi, nikakwambia jibu utalipata kwa sinema. Sasa umefika mwisho. Jibu ni ndiyo. Ambia baba yako akate ncoolo ya posa alete kwa baba yangu. Nakupenda, wewe mtu wa kelele."

Wambeti aliisukuma simu kando. Akakaa juu ya gunia la ndengu, na Njoki akadhani ni furaha.

Furaha gani! Hiyo sinema, *Kiangazi cha Tatu*, aliyoitengeneza mwenyewe, ilikuwa haijatoka. Ilikuwa ionyeshwe mara ya kwanza Jumamosi, ukumbini Embu mjini, na kampuni moja ya Nairobi ilikuwa imekubali kuinunua kwa sharti moja tu: isiwe imeonekana popote. Nakala mbili pekee ndizo zilizotoka kwenye kompyuta ya Wambeti. Moja ilienda kwa kampuni. Nyingine alimpa Kiogora mkononi, kwenye flashi, na ndani yake akamwongezea kile kipande cha jikoni ambacho hakikuwa kwenye nakala nyingine yoyote duniani.

Na sasa Siakago nzima ilikuwa imekiona.

Simu yake ikalia. Alikuwa Ireri, yule kijana wa kampuni aliyempigania hadi mkataba ukapatikana.

"Wambeti, umeona?"

"Ndio naona sasa hivi."

"Tumeipata kwa chaneli tatu tayari. Mawakili wanaandika iondolewe, lakini hii vita unaijua, ukifunga moja zinafunguka mbili. Wakubwa wanauliza swali moja tu. Imetoka kwetu ama kwako?"

"Kwangu."

"Unajua ni nani?"

Wambeti aligeuza uso upande wa barabara ya Meru.

"Dada, nisikilize. Ukiandikisha jina la mtu, tunamshtaki na mkataba wako unabaki. Ukinyamaza, watasema umeivujisha mwenyewe, na hapo sitaweza kukutetea. Uko?"

"Niko. Nipe mpaka jioni, Ireri. Tafadhali."

Alikata simu, akamkumbuka Mzee Munyi wa Kanja, aliyeacha kahawa yake ikaiva ikaanguka chini msimu mzima ili aje aigize baba wa watu. Hakulipwa. Alisema atangoja sinema inunuliwe. Waigizaji wote walisema hivyo hivyo.

Akafunga leso kichwani, akaenda Meru.

* * *

Kibanda cha Kiogora kilikuwa pembeni mwa soko la Gakoromone, kati ya wauza ndizi na wauza kabeji. Kilikuwa na kibao kimoja tu: TUNATENGENEZA SIMU. Zamani kulikuwa na kingine, cha kuwekea watu sinema kwenye flashi. Kiogora alikiteremsha kwa mikono yake mwaka walipopendana, Wambeti akisimama hapo akimpigia picha. Mapenzi hayo! Mtu anaonyeshwa kibao kimeshuka, naye anaamini na biashara imeshuka.

"Mpenzi!" Kiogora aliruka kutoka kitini, bisibisi mkononi. "Mbona hukuniambia unakuja? Ningenunua nyama!"

"Nilikuwa na haraka. Kiogora, sinema yangu uliangalia?"

"Yote! Manze, niliangalia nikalia."

"Mwisho uliupenda?"

"Mwisho ni moto. Vile msichana anarudi kwa baba yake, na mvua inaanza. Aki wewe una kipaji."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nini? Si ni majina tu?"

Wambeti alimtazama usoni, akitafuta utani. Kiogora alikuwa mtu wa utani. Lakini hapo hapakuwa na utani wowote, ni mwanamume tu anayetabasamu na hajui anachoulizwa.

"Kiogora!" Qali, mama anayeuza vitambaa upande wa pili, aliingiza kichwa dirishani akiwa ameshika flashi. "Niwekee ile sinema yako ya juzi. Dada yangu Leylo wa Maua anaitaka." Akageuka, akamwona Wambeti, akajishika mdomo. "Wallahi ni wewe! Mashallah! Hongera, dada! Huyu mwanamume hata hakutuambia!"

"Hongera ya nini?" Kiogora akauliza.

"Ya nini tena? Si amekubali?"

"Kukubali nini?"

Qali alimwangalia Kiogora, akamwangalia Wambeti. "Subhanallah. Swali uliuliza wewe, na jibu hujui?"

Qali, mtu mwenye akili zake, akarudisha flashi mkobani na kuondoka polepole.

"Fungua," Wambeti akasema. "Fungua hiyo chaneli yako. Peleka mbele mpaka majina yaishe."

"Wambeti, nieleze kwanza..."

"Fungua!"

Akafungua. Majina yakapita, jiko likaja, moshi ukaja, na ile sauti ikasema yote tena. Chini yake maneno ya watu yalikuwa yamejaa: *Kiogora wewe una bahati. Kiogora usimwache huyo. Sisi tunangoja pilau.* Watu wasiomjua walikuwa wamempongeza tangu juzi, naye hakusoma.

Kiogora akaweka simu chini. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

"Ulikubali," akasema.

"Hukuangalia."

"Nilikuwa na haraka, mpenzi. Kuna chaneli nyingine ilikuwa inanichukulia watu. Nikasema niweke kitu hawajaona popote, kwa siku mbili hivi, halafu nitoe. Nilirukia ile mvua ya mwisho tu kuona kama imekamilika, majina yalipoanza nikafunga. Ningeiangalia Jumapili nikiwa nimetulia."

"Uliniambia ulilia."

"Nilijua ungependa kusikia hivyo."

"Ulikaa mbele kabisa kwa mkutano wetu watu wa sinema, pale Embu. Nilisimama nikasema hawa watu wa kuiba sinema wanatumaliza. Ulipiga makofi kuliko wote!"

"Nilikuwa napigia wewe makofi. Sikuwa napigia maneno."

Wambeti alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia, yote mawili kwa wakati mmoja. Ndivyo mapenzi yalivyo ya kijinga. Kama Kiogora angenyamaza hapo tu, akalia tu, pengine hadithi hii ingeisha kwa arusi. Lakini akafuta macho, akasogea karibu, akashusha sauti.

"Sikia. Kuna njia. Sema flashi iliibiwa. Watu huibiwa kila siku, nani atauliza? Mimi nitafuta chaneli leo leo. Tutaoana, haya yatasahaulika."

"Wataniacha, Kiogora. Mkataba utakufa. Ukitajwa wewe, unabaki."

"Na nikitajwa mimi, nimekwisha. Unataka kuolewa na mfungwa?"

"Na Mzee Munyi nimwambie nini?"

"Aah, Mzee Munyi! Huyo hata Telegramu hajui ni nini. Mwambie mambo yamechelewa, atangoja tu. Wazee wa kahawa wamezoea kungoja."

Wambeti akatoa simu. Hakutoka nje, hakumpa mgongo.

"Ireri, andika jina."

"Wambeti, usifanye hivyo," Kiogora akasema. "Wambeti, ni mimi!"

"Anaitwa Kiogora," akasema kwenye simu, sauti ikimkatika. "Ana kibanda Gakoromone. Nitaandikisha taarifa polisi kesho. Ndiyo, namjua. Namjua vizuri sana."

Akakata. Kiogora alikuwa ameegemea meza, viganja juu ya simu za watu zilizofunguliwa matumbo.

"Na lile jibu?" akauliza. "Bado ni ndiyo?"

"Jibu nilikupea wewe peke yako. Wewe ndiye umewapa watu wote."

Alitembea hadi nyuma ya lori la kabeji, akainama, akalia kilio cha kumwaga kamasi. Muuza ndizi mmoja alimletea maji na hakumuuliza kitu.

* * *

Jumamosi asubuhi Wambeti alikuwa anapiga pasi nguo ya kwenda ukumbini babake alipomwita kwa sauti ya ajabu.

"Wambeti! Toka nje. Tuko na wageni."

Uani palikuwa na wanaume wawili wenye kofia na makoti mazito ya nyanda za baridi, wakitokwa na jasho kwenye jua la Siakago. Mmoja alikuwa Mzee Misheck, babake Kiogora. Magotini alikuwa amepakata kitu kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kwa uangalifu, kama mtoto.

Ilikuwa ncoolo, lile fungu la miraa ambalo Mmeru hupeleka kwa baba wa msichana akimwombea mwanawe mke. Baba wa msichana akilipokea, maneno yamekwisha, msichana ana kwao kupya.

"Wametuletea miraa sisi watu wa kutafuna majani ya muguka," Mzee Kivuti akasema, akijaribu kucheka. Lakini alikuwa anamtazama bintiye. Wambeti alikuwa amemwambia kila kitu.

"Mama," Mzee Misheck akamwambia Wambeti kwa heshima, "nilikuona kwa simu ya jirani. Ulisema nikate ncoolo. Nikasema, huyu msichana ana adabu, amejua pa kuanzia. Nimekata mwenyewe alfajiri, kwa mti wa baba yangu. Kijana nimempigia tangu jana, simu hashiki. Nikasema nisingoje ikauke."

"Baba, hamkuambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

Wambeti akapiga magoti mbele yake, akamwambia. Alimwambia yote: flashi, chaneli, Mzee Munyi, na kwamba Kiogora hashiki simu kwa sababu tangu jana yuko kituo cha polisi akiandikisha taarifa. Mzee alisikiliza bila kumkatiza. Yule mwenzake akavua kofia.

"Kwa hivyo mimi pia niliangalia kitu cha wizi," Mzee Misheck akasema mwishowe.

"Hukujua, baba."

Mzee Kivuti akakohoa. "Binti yangu, mimi siwezi kujibu mahali pako. Nishike ama wairudishe?"

Kuku walikuwa wanachakura uani. Wambeti aliangalia yale majani ya mgomba, bado yana umande, na moyo ukamuuma hadi akashika kifua. Alimtaka Kiogora. Msidhani hakumtaka. Angetaka kusema shika, baba, shika upesi kabla sijafikiri.

"Warudi nayo," akasema.

Mzee Misheck alitikisa kichwa kukubali. Aliinuka taratibu, fungu lake kwapani, kisha akasimama.

"Nikuulize kitu kimoja tu. Yale maneno ulisema pale jikoni, ulisema ya ukweli?"

"Ya ukweli, baba. Kila moja."

"Sawa," mzee akasema. Walitoka na Mzee Kivuti akawasindikiza hadi barabarani, akiwabebea chupa ya maji.

* * *

Ukumbi wa Embu ulijaa nusu. Wengine walisema kwa nini walipe na wameshaiona. Lakini Ireri alikuja na karatasi za mkataba, na Mzee Munyi alikuja na suti ya arusi yake, akakaa mbele akijiangalia akifa, akijipigapiga paja kwa furaha.

Mvua ya mwisho ikanyesha. Majina yakaanza kupita. Wambeti, aliyesimama nyuma kando ya mlango, akangoja watu wainuke.

Hakuinuka mtu.

Walikuwa wamekaa tuli, wengine wakigongana viwiko, wanatabasamu. Njoki alikuwa ameshafungua mdomo, vigelegele vikiwa tayari. Jina la mwisho likapita. Kioo kikawa cheusi.

"Bado!" mtu akapaza sauti. "Weka ile ya jikoni!"

"Jibu! Tupe jibu!"

Walicheka kwa upendo. Hawakuwa na ubaya, walikuwa wamekuja kumpongeza. Wambeti akapita katikati ya viti hadi mbele, akapewa kipaza sauti.

"Hakuna kingine," akasema. "Sinema imeisha hapo."

"Na Kiogora?" sauti ikauliza kutoka gizani.

Alitaka kujibu vizuri, kama mtu aliyesoma, kama mwenye sinema yake. Alifungua kinywa, na kilichotoka ni kilio, kikaenda moja kwa moja kwenye spika, ukumbi mzima ukakisikia. Njoki akaacha mkoba wake kitini, akapanda jukwaani, akakichukua kile kipaza sauti mkononi mwa Wambeti na kukizima.

"Lia, mwanangu," akamwambia. "Kilio hiki ni chako, hawakichukui."

Kisha akawageukia wale watu na kuwapungia mkono waende nyumbani.