Nyapara wa Mianzini

Jumatano, mchana.

Chumba cha nyuma kwa Oktavia muuza pombe, pale Makambako, hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na magunia ya kimea, moshi, na wanaume watatu waliokaa magoti yakigusana. Hezekia alichora barabara sakafuni kwa kipande cha mkaa.

"Lori linaondoka hapa asubuhi, linapanda kwenda Njombe. Hapa kijito. Hapa kona. Kwenye kona lazima litambae. Gogo tunaliweka hapa, sisi tunajificha hapa, kwenye mianzi."

"Na ndani mna nini?" akauliza Laurenti.

"Majora ya amerikani. Kaniki. Blanketi."

Laurenti akapiga mluzi. Ulikuwa mwaka wa vita na nguo zilikuwa hazionekani. Kuna nyumba ambazo mume na mke walikwenda kanisani kwa zamu, kwa sababu shuka lilikuwa moja.

Huyu Laurenti alikuwa mpasua mbao, kifua kama mlango, mtu wa kucheka mahali pasipochekwa. Wa tatu, Odilo, aliwahi kuwa utingo wa lori lile lile. Akaiba debe la mafuta ya taa, akafungwa. Alikuwa amemwoa Tabea, dada yake Hezekia. Asubuhi ile Tabea alimfuata kaka yake mpaka uani.

"Mnakokwenda sikuulizi," alimwambia. "Jela ilinirudishia mume anakohoa. Akiingia tena hatoki. Mrudishe kwangu, kaka."

Hezekia alisema amesikia. Tangu hapo mlango ukilia tu, anageuka.

Sasa, Hezekia alikuwa na ugonjwa wake. Alikaa miaka mingi kwenye mkonge huko Tanga, nyapara wa manamba, na kule alizoea jambo moja: akiogopa, anapiga kelele. Akiogopa sana, anapiga mtu. Watu walidhani ni ukali. Na yeye alidhani hivyo hivyo.

"Sheria ni moja," alisema. "Atakayetuona sura hafiki kwake. Awe nani."

Odilo akakohoa. "Shemeji, ile mianzi..."

Kofi lilimkuta kabla hajamaliza.

"Nyapara hapa nani?"

"Wewe, shemeji."

"Basi funga bakuli."

Laurenti akacheka. "Mwache bwana, atalia humu tukose pa kukanyaga."

Odilo akainama. Alishika shavu lake, akatazama ile alama ya mkaa.

Ijumaa, kumekucha.

Ukungu ulikuwa mzito, mtu hauoni mkono wake. Gogo lilikwisha lala barabarani. Watatu wale walichutama kwenye mianzi, wamelowa, meno yanagongana.

Hezekia akasikia kitu kinadondoka karibu na sikio lake. Akainua macho. Chipukizi la mwanzi lilikuwa limekatwa ncha na kuinamishwa, na chini yake imefungwa mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi. La pili hivyo hivyo. La tatu pia. Yalikuwa majira ya mvua, shamba zima linatiririka pombe.

Jambo hilo mtu wa Njombe hulijua hata akiwa usingizini. Miaka ya Tanga ilikuwa imemfuta kichwa.

"Odilo. Mianzi hii inagemwa?"

"Inagemwa."

"Saa hizi?"

"Kila asubuhi, na jioni tena."

"Mbona hukuniambia?"

Odilo alishika shavu lake. Halafu akasema polepole, "Nilianza kukuambia, shemeji."

Hezekia akatazama kiganja chake. Aliona vizuri kabisa, kama mtu anayewashiwa taa: hakuna mtu aliyewaficha habari hii. Mkono wake mwenyewe ndio ulioifukuza.

"Kamwene," ikaita sauti kutoka ukunguni.

Kinywa cha Hezekia kikaitika kabla kichwa hakijakataza. "Kamwene." Mtu wa kule akisalimiwa na mkubwa huitikia, hata kama yuko shimoni.

Mzee akatokeza, kisu kidogo cha kugemea mkononi. Ni Enoki, mwenye mianzi.

"Mbona mmechutama kama kuku wa mvua? Odilo, kikohozi chako nimekijua tangu njiani. Huyo mkubwa ni nani?"

Laurenti akainuka, panga mkononi. "Ametuona, nyapara. Sema tu."

Huko chini, lori likaanza kunguruma.

Kelele ilimpanda Hezekia kutoka tumboni. Aliisikia ikifika kooni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akalijua jina lake. Ni woga. Akaimeza.

"Nimekosea," akasema. "Mahali nilichagua vibaya. Na ile sheria niliitoa kwa woga. Naifuta."

Laurenti alimkodolea macho. "Woga? Umetuleta huku una woga?"

"Tangu juzi. Odilo, wewe ungefanyaje?"

Odilo alichelewa kuamini kwamba ndiye anayeulizwa. "Tuondoe gogo, lori lipite. Halafu tumsaidie mzee kugema. Watu wanagema, nani atauliza?"

"Twende."

Wawili wakashuka mbio, wakaanza kulisukuma gogo. Hezekia akageuka kumwita wa tatu. Laurenti alikuwa amemshika mzee ukosi.

"Mimi sikuja kugema."

Hezekia alipanda ukingo wa barabara kwa mikono na magoti. Hakuwa na fimbo wala jiwe, akauweka mkono wake kati ya panga na mzee. Panga likaingia mpaka mfupa. Mzee akaanguka upande, mzima.

Lori lilikuwa kwenye kona. Laurenti alitazama damu, akasikiliza injini, na kile kifua kikubwa kikapiga hesabu upesi. Akakimbilia barabarani, mikono juu.

"Afande, simamisheni. Kuna majambazi. Wawili. Nilikuwa napita zangu wakanivamia."

Askari aliyelinda lori akaruka chini na bunduki. Odilo alikuwa bado ameinamia gogo. Mzee Enoki akashuka taratibu, anajipangusa matope.

"Hawa ni vijana wangu," akasema. "Tunagema. Huyu amejikata."

Askari alitazama mkono wa Hezekia, akatazama barabara. "Na gogo hili, mzee, nalo linatoa ulanzi?"

Odilo akakohoa, akashindwa kujizuia. Hezekia akaona mambo yalivyo. Akinyamaza, wote wanakwenda jela, na mzee pamoja nao kwa uongo wa huruma. Aliogopa kuliko siku zote. Akasogea mbele.

"Mzee ananionea huruma tu. Huyu wa kikohozi ni kijana wake kweli, nimemlazimisha kushika gogo. Walioliweka ni mimi na huyo aliyekuja kukuambia. Mwulize panga lake lina damu ya nani."

Askari akageuka. Laurenti akautazama mkono wake mwenyewe. Ulikuwa bado umelishika.

Odilo akafungua kinywa aseme.

"Kijana, panda ukamgemee mzee," Hezekia akamwambia, sauti ya chini. "Mbeta zimejaa."

Odilo akasimama kidogo. Kisha akapanda, nyuma ya mzee, na ukungu ukamfunika.

Askari akamshika Hezekia kiuno kumpandisha, akamkalisha juu ya majora ya amerikani, ubavuni kwa Laurenti, wote wawili wamefungwa kamba moja. Lori likaendelea kupanda kwenda Njombe.