Pini ya Gurudumu la Kushoto

Gari lilikuwa uani juu ya mawe, halina gurudumu la mbele kushoto, injini haijawashwa tangu likokotwe kutoka ajalini, na bado liligonga. Ko-ko. Mlio uleule wa raba za bushi zilizokwisha, gari linapoingia shimoni. Baba Kesho aliusikia akinywa chai, akakiweka kikombe chini taratibu.

Jina hilo alipewa na mkewe kwa utani, maana bomba likivuja atalikaza kesho, na bawaba ikilegea, kesho. Siku moja kabla ya ajali, hata hivyo, aliamka na moyo wa kazi. Alipiga jeki, akatoa bushi zilizochoka na boljointi, vile viungo vinavyoshikilia magurudumu ya mbele, akafunga mpya, grisi imempanda hadi viwikoni. Ikabaki pini moja tu, ile ndogo inayopita kwenye nati ya boljointi ili isijifungue. Mvua ikaanza. Akaitia pini mfukoni, akarudisha tairi, akaingia ndani. Ataiweka kesho.

Asubuhi iliyofuata shemeji yake, mdogo wa mkewe, alisimama mlangoni akitaka kuazima gari.

"Shemeji, gari liko sawa?"

Naye, usingizi umemjaa, akajibu kutoka ndani ya shuka kwamba liko sawa. Kwenye kona ya mteremko gurudumu likakunjika, na kijana hakurudi. Msibani Baba Kesho aliwaambia watu kwamba tairi lilipasuka. Wakampa pole, na kila pole ilimchoma.

Sasa gari likawa linagonga kila mchana. Mlio ukahamia ukutani, kisha chini ya kitanda, na chumba kikaanza kunuka grisi na udongo uliolowa ilhali nje jua linawaka. Mkewe alinong'ona kwamba humu ndani kuna mtu. Akamjibu ni panya. Panya gani anayenuka grisi?

Mganga akaletwa. Aliweka kiganja kwenye boneti, akakiondoa upesi, akaanza kukusanya vitu vyake.

"Mimi nafukuza wanaokuja bila sababu," alimwambia pembeni. "Huyu alikuuliza kitu. Anasubiri umjibu kweli."

Baba Kesho akajiambia kwamba atamweleza mkewe kesho.

Alipoingia chumbani alimkuta ameketi kitandani, mgongo umenyooka, macho yametulia ukutani, na kiganjani ameshika ile pini, ambayo Baba Kesho mwenyewe aliitumbukiza chooni siku ya mazishi, imelowa na inachuruzika grisi mpaka kwenye shuka, huku chini ya kitanda kukigonga, ko-ko, ko-ko, kwa haraka zaidi na zaidi, mpaka kikombe mezani kikaanza kutembea.

"Shemeji," mkewe alisema, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya kijana mwenye haraka. "Gari liko sawa?"

Neno kesho lilimjia mdomoni, akalimeza.

"Haliko sawa," alisema akilia. "Sijaweka pini. Usiliendeshe, shemeji. Nisamehe, usiliendeshe."

Kugonga kukakoma. Harufu ikatoka chumbani kidogo kidogo, ikabaki ya chai tu. Baba Kesho akashusha pumzi, hata akaanza kushukuru.

Mkewe alipepesa macho, akaitazama pini, kisha akamtazama yeye.

"Mdogo wangu ulimjibu nini asubuhi ile?" aliuliza, kwa sauti yake mwenyewe.