Barua ya Bima Niliyoificha

Kila siku nikitoka shule, basi la manjano hunishusha kwenye kona ya mtaa wa bibi yangu, nami huchukua barua kwenye sanduku lake kabla ya kuingia ndani. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kuanzia katikati ya Oktoba kazi hiyo ilinitia kinyaa. Sanduku lilifurika. Kila karatasi ilikuwa na picha ya wazee wenye meno meupe kupita kiasi, na kila karatasi ilijidai ni ya haraka na ya mwisho. Nyingine zilichorwa makusudi zifanane na barua za serikali. Nilizishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa nywele kwenye tundu la sinki.

Hapa kwetu Ohio, Marekani, ndivyo inavyokuwa kila majani yakianza kupukutika. Wazee waliotimiza miaka sitini na tano wana Medicare, bima ya afya ya serikali, na kuanzia Oktoba 15 hadi Desemba 7 wanaruhusiwa kubadili namna wanavyoipata. Wengine hubaki na ile ya serikali yenyewe. Wengine, kama Bibi, huchagua mpango wa kampuni binafsi, na wiki hizo wauzaji wa kampuni hawawapi nafasi ya kupumua.

Simu ndizo zilizonichefua zaidi. Bibi yangu, Dolores Hudak, alilelewa kuamini kwamba kumkatia mtu simu ni utovu wa adabu. Aliweza kumsikiliza muuzaji dakika arobaini nzima na kumuuliza kama kwao theluji imeanza, huku tambi na kabichi zikiungua jikoni. Wazee wengi wa mtaa wetu wako hivyo, na wauzaji wanalijua hilo vizuri sana.

Jumatatu moja ya Novemba alipiga mtu aliyejiita Brad. Bibi alikuwa anamenya viazi, kwa hiyo simu ilikuwa kwenye spika na mimi nilisikia yote. Sauti ya mtu yule ilikuwa tamu mpaka inanata. Alimwita "mama yangu", akamwahidi kadi ya kununulia vyakula bure kila mwezi, akasema anachohitaji ni kuthibitisha tu namba ya kadi yake ya Medicare.

Bibi hakuweza kuisoma. Macho yake yanaugua pale katikati, mahali pa kusomea, na kila baada ya wiki sita Dakta Venkat humchoma sindano ndani ya jicho ili asipofuke. Daktari huyo alishatuambia bila kuzunguka kwamba sindano zikikatika, uwezo wa kuona utakwenda na hautarudi.

Mimi nilikuwa na njaa na nilitaka simu ile iishe. Nikaitwaa kadi, nikaisoma namba yote kwa sauti.

"Sasa atakuuliza maswali," nikamnong'oneza. "Wewe sema ndiyo tu, Bibi, tule."

Bibi akasema ndiyo mara sita.

Wiki mbili baadaye ilifika barua ambayo haikuwa tangazo. Ilimkaribisha Bibi kwenye mpango mpya kuanzia Januari mosi, na kadi mpya ilikuwa imebandikwa ndani. Ilisema wazi kwamba atatibiwa na madaktari walio kwenye orodha ya kampuni tu. Nikaitafuta orodha hiyo kwenye simu yangu. Dakta Venkat hakuwamo. Daktari wa macho wa karibu zaidi alikuwa mwendo wa saa tatu kwa gari, na Bibi haendeshi tena.

Nikaisokomeza barua chini kabisa ya begi langu, chini ya viatu vya mazoezi vilivyokuwa vinanuka, nikamwambia Bibi kwamba leo zimekuja takataka tupu.

Niliibeba siku kumi na moja. Nilijaribu kumchukia Brad peke yake, na kweli nilimchukia, yeye na utamu wake wa uongo. Lakini kila Bibi aliponiwekea sahani mezani akipapasa ukingo wa meza, nilijua mezani pale kulikuwa na mwongo mwingine. Yule alikuwa ananichukiza zaidi.

Ijumaa, Desemba 5, mama yangu alitupeleka kliniki ya macho. Karani alimuuliza Bibi kama bima yake ya mwakani itakuwa ile ile.

"Ile ile," Bibi akajibu kwa fahari. "Mimi si mtu wa kubadili badili mambo."

Akaandikiwa miadi ya katikati ya Januari. Alipotoka kwenye sindano, jicho lilikuwa linatiririka machozi, na kope zimepakwa dawa ya manjano. Alinyoosha mkono hewani akinitafuta. Nikaushika, na hapo sikuweza tena.

"Bibi, si ile ile," nikasema. Nikafungua begi mbele ya watu wote na kuitoa barua. Ilikuwa imekunjamana na inanuka viatu. Nikawaeleza yeye na Mama kila kitu, hata ule mnong'ono wa jikoni.

Mama alifumba macho kidogo, kisha akaenda kwa karani na kumwomba aandike majina ya mipango yote ambayo kliniki ingeikubali mwakani. Ndani ya gari Bibi aliilaza barua mapajani, akainyoosha mikunjo kwa kiganja mpaka tulipofika nyumbani. Afadhali angenigombeza.

Asubuhi ya Jumamosi tulikwenda kwa Bi Renata Pappas, wakala wa bima mwenye ofisi ndogo karibu na duka la kufulia nguo. Nilikwenda nimenuna. Kwangu mimi wauzaji wote wa bima walikuwa ukoo mmoja na Brad.

"Kabla hujakaa, Bi Dolores, ujue nalipwa na kampuni, si na wewe," alisema Bi Renata. "Na ninauza mipango ya kampuni saba tu, si yote iliyopo. Ukitaka kumuuliza mtu asiyeuza kitu, jimbo lina washauri wa bure. Namba yao hii hapa."

"Wewe ni wa kwanza mwaka huu kuniambia nani anakulipa," Bibi akasema, akavuta kiti.

Bi Renata hakutaja vyakula vya bure. Aliuliza majina ya madaktari, dawa na duka la dawa. Bibi akamimina mezani chupa zake zote kutoka kwenye mfuko wa mkate. Kuhusu ile kadi ya vyakula, wakala alituambia kwamba hupewa watu wachache wanaotimiza masharti maalumu, na Bibi asingeipata kamwe. Nilitamani kutema mate.

Habari njema ni kwamba chaguo la mwisho linalofanywa kabla Desemba 7 haijaisha ndilo linalohesabiwa. Bibi akichagua tena, lile la Brad lingejifuta. Kama angegundua Januari, alieleza Bi Renata, nafasi nyingine ipo, lakini mpango ungeanza mwezi unaofuata, na sindano ya Januari ingekuwa imepita.

Bibi akataka kurudi kwenye mpango wake wa zamani, basi. Bi Renata akamwonyesha kwenye kompyuta kwamba mwakani mpango huo umeiacha dawa yake ya shinikizo la damu. Hata hiyo "ile ile" ingemponza. Kwenye orodha ya karani palikuwa na mpango mwingine uliokuwa na Dakta Venkat na dawa zote. Nilijitolea kumsomea fomu.

"Hapana. Nitasoma mwenyewe," Bibi akasema. Alisoma kila mstari kwa kioo cha kukuzia, saa nzima, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akatia sahihi.

Nyumbani aliniketisha jikoni.

"Corinne, namba uliisoma kwa sababu ya njaa, na mimi nilisema ndiyo kwa sababu ya adabu. Hayo ni makosa yetu wawili, na nimeyasamehe. Lakini ile barua uliiona, ukaielewa, ukaiacha siku kumi na moja zipite. Brad hajui macho yangu. Wewe unayajua. Kosa likisemwa mapema, lina dawa. Ukilificha, unaipoteza dawa yenyewe."

Nililia, naye akaniacha nilie. Tulikuwa bado tumekaa pale simu ilipoita. Bibi akaiweka kwenye spika. Sauti ya kike, tamu vilevile, ikamwita "mama yangu mpenzi" na kuuliza kama kadi yake iko karibu.

Bibi alinitazama. Mdomo wake ulijikunja kama aliyeonja maziwa yaliyochacha.

"Hapana," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamkatia mtu simu. Kisha akachukua kitambaa cha vyombo chenye sabuni na kuipangusa simu yote, polepole, mpaka iling'aa.