Burul Alikariri, Hakusoma

Kila alasiri, kabla kondoo hawajarudi zizini, Zuura alimimina chai ya maziwa na kumwita binti yake Burul aketi na kitabu. Burul alikuwa na miaka kumi, darasa la tatu. Aliogopa kitabu kuliko mbwa mwitu.

"Soma," alisema Tokon, baba yake.

"Ngamia... ngamia amefunikwa na theluji."

Kwa Kikirigizi, mlima na ngamia huandikwa karibu sawasawa. Tofauti ni kijistari kidogo ndani ya herufi.

"Ngamia tena," alisema Tokon. "Shuleni siku hizi wanakuitaje?"

"Ngamia," alijibu Burul.

Tokon alikifunga kitabu kwa nguvu. "Unafanya makusudi. Kwenye sherehe ya darasa la kwanza ulisoma kitabu chote cha herufi mbele ya kijiji kizima. Nilichinja kondoo siku ile. Ujinga huu umeuokota wapi?"

Hata Burul mwenyewe hakujua.

Jumatano mwalimu alileta karatasi. Burul apelekwe shule ya bweni ya watoto wasiofundishika, mjini, mbali. Baba atie sahihi, airudishe Ijumaa. Mtoto hakupimwa na mtu yeyote. Hakuna aliyeuliza anakwama wapi. Karatasi ilijazwa kwa dakika tano, na maisha yake yakafungiwa humo.

Zuura alienda kulia zizini, uso ameuficha ubavuni mwa ng'ombe. Burul alimfuata.

"Mama, huko bwenini wataniruhusu kurudi kondoo wakianza kuzaa?"

Zuura alijifuta machozi, akaanza kukamua.

Alhamisi alikuja Gulsun kuchukua maziwa. Gulsun alikuwa jirani yao, na kazi yake wilayani ilikuwa kuwafundisha watoto wenye shida ya kusoma. Aliiona ile karatasi mezani. Akamwomba Burul alete kitabu chake cha darasa la kwanza, asome.

Burul alisoma bila kukwama hata mara moja.

"Unaona, dada?" alisema Tokon. "Akitaka, anaweza."

"Kaka, tazama ukurasa. Amefunua kurasa mbili kwa pamoja. Anasoma ule uliofichwa."

Tokon aliinama akatazama. Ilikuwa kweli.

"Amekikariri chote," alisema Gulsun. "Nyinyi humu ndani mtu akikariri mashairi mnamwita bingwa. Mtoto naye amekariri, msimcheke."

"Unaniambia hajawahi kusoma hata siku moja?"

"Hajawahi."

"Na kondoo wangu?"

"Kondoo tulimla, kaka."

Hakuna aliyecheka. Tokon aliivuta karatasi. "Basi ni mjinga kweli. Leteni kalamu."

"Mjinga hawezi kukariri kitabu kizima. Akili anayo. Kinachomkwamisha ni kuunganisha herufi na sauti yake. Watoto wa hivi wapo wengi, na si uvivu. Rudisha karatasi bila sahihi. Andika barua, uombe apimwe kwanza. Ni haki yake."

"Na sisi nyumbani tufanye nini?" aliuliza Zuura.

"Dakika kumi na tano kila siku, zisizidi. Herufi moja. Aichore kwa kidole kwenye unga huku akitamka sauti yake. Kila siku mpe maneno mapya, asiyoweza kuyakariri. Na kaka, usimpigie kelele. Akiogopa, hata anachokijua kinapotea."

Ijumaa Tokon alirudisha karatasi bila sahihi, pamoja na barua. Mwalimu mkuu alimwambia anapoteza muda. Burul alipimwa, ikaonekana Gulsun alisema kweli, na shule ikakubali kumsubiri hadi Mei.

Majira ya baridi yalikuwa mabaya. Wiki nzima Burul alijifunza herufi moja, Jumatatu akawa ameisahau. Darasani waliendelea kumcheka. Mara mbili Tokon alitoka nje ili asimpigie kelele, akasimama kwenye theluji bila kofia. Zuura alipepeta unga na kumwita mtoto tena.

Mei, mwalimu mkuu aliandika ubaoni sentensi ambayo Burul hakuwahi kuiona. Wenzake wangeisoma kwa pumzi moja. Yeye alikosea, akarudi nyuma, akajisahihisha, jasho likimtoka.

"Mto... umevunja... daraja... jipya."

Mwalimu mkuu aliandika daftarini: abaki hapa, afundishwe polepole, ajibu mitihani kwa mdomo.

Nje, Burul alimshika baba yake mkono. "Kwa hiyo kesho nije tena?"

"Kesho Jumamosi," alisema Tokon. "Jumatatu utakuja."

"Na Jumanne?"

"Na Jumanne."