Kipara au Miguu

Kila siku akirudi kutoka shule, Bi Najua alivua sare, akaosha vyombo vya asubuhi, kisha akavuta kigoda karibu na meza ya sebuleni amtazame dada yake akichora. Dada alisomea uchoraji wa ramani za nyumba chuoni, na meza ile ilikuwa yake. Lakini wiki hiyo hapakuwa na ramani mezani. Palikuwa na kasha tupu la kompyuta, feni, nyaya zilizoviringana na bisibisi. Kompyuta ya zamani ilikuwa imekata roho, na mradi wa mwisho wa dada ulitakiwa chuoni Ijumaa. Asipoupeleka angerudia mwaka mzima. Ndiyo maana waliamua kuunda kompyuta nyingine, kipande kwa kipande.

Jina la Bi Najua alilipata kwa haki. Ukianza kumweleza jambo, hujafika katikati, yeye keshasema, "Najua."

"Imebaki madabodi," dada alisema Jumatatu jioni. "Kwa Kiswahili cha darasani ni ubao mama. Vipande vyote hukaa juu yake, na vyote huzungumza kupitia kwake."

"Nimemwelewa," mama alisema. "Anabeba wote, na hakuna anayemuuliza kama amekula."

Dada alicheka, kisha akamgeukia mdogo wake. "Kesho mimi niko chuoni mpaka jioni. Utakwenda dukani na mama. Chukua kiboksi hiki. Ndani mna prosesa, ndiyo akili ya kompyuta. Rafiki yangu ameitoa kwenye mashine yake akanipa. Sijaifungua, naogopa vumbi. Mwonyeshe muuzaji, akupe madabodi inayolingana nayo. Si kila prosesa—"

"Najua."

"Unajua nini, nami sijamaliza?"

"Si kila prosesa inakaa kwenye kila madabodi. Nimeona kwenye video."

Siku iliyofuata, mama alipomwita watoke, Bi Najua alikitazama kile kiboksi. Alijiona kama mtoto mdogo anayetumwa na kipande cha kitambaa akalinganishe rangi ya uzi. Akakiacha mezani, akamwambia mama anajua ya kununua.

Muuzaji alikuwa mwanamume mnene mwenye kichwa kilichong'aa kama sahani. Dukani mlikuwa na wateja wengine, na wote walimtazama msichana aliyekuja kununua madabodi.

"Karibu, binti. Prosesa yenu ina miguu au ni kipara?"

Wateja wakaangua kicheko. Bi Najua alikitazama kichwa cha muuzaji, asijue kama anataniwa.

"Naongea kweli," muuzaji alisema huku akijipapasa utosi. "Kuna zenye vijiguu vya chuma chini, na kuna zisizo navyo. Hizo tunaziita vipara. Madabodi hii ni ya zenye miguu, iangalie, imejaa matundu. Na hii ni ya vipara. Prosesa haina kitu, kwa hiyo vinywele vya chuma viko huku kwenye ubao."

Ile ya matundu ilikuwa ya rangi ya kijivu, haina pambo lolote. Ile ya vinywele ilikuwa nyeusi, na pembeni ilikuwa na taa ndogo za zambarau. Muuzaji alipoijaribu, taa zikapita moja baada ya nyingine kama maji.

"Haya, sema," mama alisema. "Si umeniambia unajua?"

Bi Najua hakujua. Angeweza kusema hivyo, na mambo yangeishia hapo. Lakini wateja walikuwa wakimtazama, na taa zilikuwa zikimtazama pia.

"Ni kipara," akasema.

"Una hakika? Ungekuja nayo ningeona mwenyewe."

"Najua."

Mama alimpeleka hadi mlangoni pa nyumbani na madabodi yake, kisha akarudi kazini. Alikuwa msimamizi wa upakiaji katika kiwanda cha sabuni. Bi Najua akabaki peke yake sebuleni, na wazo likamjia: dada atakaporudi, akute prosesa imeshakaa mahali pake. Akabandua utepe wa kiboksi taratibu, akaitoa prosesa bila kuitazama upande wa chini, akaiweka juu ya ubao mweusi. Haikutulia. Akaisogeza huku na kule, ikagoma. Akaikandamiza kwa kidole gumba.

Krik.

Akaigeuza. Prosesa ilikuwa na miguu, safu kwa safu, na kwenye kona moja miguu hiyo ilikuwa imelala kama nyasi zilizokanyagwa. Kwenye ubao, vinywele kadhaa vilikuwa vimepinda. Aliirudisha prosesa ndani ya kiboksi, akabandika utepe uleule. Akaurudisha ubao ndani ya boksi lake. Kisha akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Dada alirudi na haraka zake. Alifungua kiboksi kwanza. Akakisogeza karibu na dirisha, akatazama tena.

"Miguu imepinda," alisema polepole. "Rafiki yangu aliniapia kwamba ni nzima."

Akachukua simu. Bi Najua alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na ulimtosha.

"Umenipa takataka … Nimefungua sasa hivi … Basi nani, upepo? … Kama hukutaka kunisaidia, ungesema tu."

Simu ilikatwa upande wa pili. Dada akafungua boksi la madabodi.

"Na ubao huu hauna matundu! Ni wa prosesa za namna nyingine kabisa. Ulimwonyesha muuzaji kiboksi?"

Hapo mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi, na Bi Najua aliupita bila kuingia. "Nilimwonyesha. Yeye ndiye aliyechagua."

Dada alikaa chini, akaufunika uso kwa viganja. Hakulia kwa sauti. Ingekuwa afadhali angelia.

Mama aliporudi alisikiliza yote akiwa amesimama, mkoba ukiwa bado begani. Aliokota kiboksi, akakigeuzageuza.

"Kesho tunakwenda wote dukani," alisema. Kisha akamfuata Bi Najua jikoni, akasema kwa sauti ya chini. "Dukani nilikuwepo, na utepe huu umebandikwa mara mbili. Gundi imeshika nyuzi za kitambaa cha meza yetu. Mimi nakula kwa utepe kule kiwandani, mwanangu. Sikuulizi kitu. Njia ya kwenda dukani ni ndefu, inatosha mtu kusema."

Jumatano walitembea njia yote, na Bi Najua hakusema. Walipofika, muuzaji aliwakaribisha kwa tabasamu, na tabasamu lile lilimchoma kuliko fimbo.

"Fundi," dada alianza, na wateja wakageuka. "Mdogo wangu alikuonyesha prosesa yenye miguu, wewe ukamuuzia ubao wa kipara. Unawauzia watoto chochote tu?"

Tabasamu la muuzaji lilizimika. Alimtazama Bi Najua, si kwa hasira, bali kama mtu anayesubiri.

"Sikumwonyesha," Bi Najua alisema.

"Nini?"

"Kiboksi nilikiacha nyumbani. Aliniuliza, nikasema ni kipara. Sikujua. Niliutaka huu kwa sababu ya taa." Machozi yalikuwa yameanza, lakini alijilazimisha kumaliza. "Halafu nikaikandamiza. Ilikuwa nzima, dada. Rafiki yako hakukosea."

Dada alikitoa kiboksi, akakiweka mbele ya muuzaji.

Muuzaji alivuta pumzi, akawasha taa ya mezani na kuichunguza prosesa. "Miguu imeinama, haijakatika. Nani ana penseli ya kubonyeza? Itoe risasi yake."

Dada alitoa penseli yake ya kuchorea. Muuzaji alikivisha kijiguu cha kwanza ncha yake tupu, akakiinua taratibu, kisha cha pili. Vingine akamwachia dada, mwenye mkono uliozoea mistari myembamba. Dada alipokuwa akivinyoosha, Bi Najua alishika taa bila kuambiwa.

"Ubao mweusi siwezi kuuchukua kama mpya," muuzaji alisema. "Nitanyoosha vinywele vyake nikipata nafasi. Badala yake nitawapa huu uliotumika, wa matundu. Hauna urembo, lakini ni mzima."

"Na huyu atakuja kila Jumamosi kufuta vumbi hapa," mama alisema, "mpaka wewe useme basi."

"Aje na maswali," muuzaji alisema. "Kitambaa ninacho."

Jioni hiyo kompyuta iliwaka, bila taa za zambarau. Kabla dada hajagusa mchoro wowote, mama aliweka simu mbele ya Bi Najua, spika yake ikiwa wazi. Bi Najua alimweleza rafiki wa dada kila kitu, akaomba radhi.

"Nimekusikia," rafiki alisema. "Wewe ni mtoto. Lakini dada yako, mbona hakuniuliza kwanza?"

Dada aliinamisha kichwa, akaomba simu, akatoka nayo nje. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. "Amesema Ijumaa atanisindikiza kupeleka mradi," alisema.

"Kumbe nyumba hii ina akina Najua wawili," mama alisema. "Mdogo alijua prosesa ni kipara. Mkubwa alijua rafiki yake ni mwongo. Hakuna aliyeuliza. Nisikilizeni. 'Sijui' humwaibisha mtu kwa dakika moja, ikapita. 'Najua' ya uongo huzaa uongo mwingine, na kila unaozaliwa humkanyaga mtu. Safari hii tumebahatika, miguu iliyopinda ilikuwa ya chuma. Moyo wa mtu haunyooshwi kwa penseli." Kisha akatazama mlango wa jikoni. "Haya, mnajua leo nani anapika?"

Bi Najua alifungua mdomo, akajizuia.

"Sijui, mama," alisema. "Ni zamu ya nani?"