Waya Uliopita Dirishani

Kila siku saa saba mchana, dereva wa teksi alirudi nyumbani. Tangu alfajiri alikuwa amezunguka mjini na abiria. Gari lake lilikuwa la umeme. Alilinunua kwa mtu, limeshatumika, lakini lilikwenda vizuri. Lilichajiwa mchana kwa saa nne au tano, kisha alirudi nalo barabarani jioni.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu. Soketi ya karibu na uani ilikuwa chumbani kwa mama yake dereva. Bibi huyu alikuwa na miaka sabini na sita, na kiharusi kilikuwa kimempoozesha upande wa kushoto. Muda mwingi alikuwa kitandani. Dereva alichomeka waya mrefu kwenye soketi ile, akaupitisha dirishani hadi kwenye gari. Waya wenyewe ulikuwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa utepe. Sehemu iliyozidi aliiviringisha, akaiacha sakafuni chini ya pazia.

"Mkwe wenu amekuja kula," bibi alilitania gari kila alipomwona mwanawe akichomeka plagi. "Anakula mchana kutwa, hashibi. Mngeniuliza kabla ya kumleta!"

Mke wa dereva alikuwa mshonaji. Aliyasikia maneno hayo akiwa kwenye cherehani yake sebuleni, akacheka peke yake.

Wiki ya kwanza, umeme wa chumba kile ulikatika mara tatu. Dereva alifungua fyuzi, akakuta kiwaya chake chembamba kimeungua. Mara ya tatu alichoka kununua fyuzi mpya. Alichukua kipande cha waya mnene wa shaba, akakifunga pale pa fyuzi.

"Una uhakika, mume wangu?" mshonaji aliuliza.

"Si unaona taa inawaka?"

Tangu siku hiyo umeme haukukatika tena. Lakini soketi, ambayo ilikuwa nyeupe, ilianza kugeuka rangi ya chai. Siku moja bibi alinyoosha mkono wake mzima, akaugusa ukuta.

"Mwanangu," alisema, "ukuta huu una homa."

Dereva aligusa. Ulikuwa wa moto. "Ni joto la mchana tu, mama," alijibu. Alikuwa amechoka, akaenda kulala.

Ilikuwa Jumanne. Binti yao alikuwa shuleni. Mshonaji alikuwa amekwenda kupeleka nguo za wateja. Dereva alikuwa amelala sebuleni. Alipoamka alikuwa anakohoa, na moshi mweusi ulikuwa unatoka chini ya mlango wa mama yake.

Aliusukuma mlango. Pazia lilikuwa linawaka. Alipapasa hadi kitandani, akamshika mama yake makwapani, akamburuta hadi uani. Majirani walikuja mbio na ndoo za maji.

"Msimwage maji! Umeme bado upo!" mwanamke mmoja alipiga kelele.

Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, fundi wa umeme mwenye leseni. Mtaani walimwita Mama Breka. Kila alipoingia kwenye nyumba ya mtu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Breka yenu iko wapi?" Breka ni swichi inayojizima yenyewe umeme unapozidi. Mama Breka alikimbilia meni swichi, ile swichi kuu ya nyumba iliyokuwa barazani, akaizima. Ndipo akasema, "Sasa mwageni."

Moto ulizimika. Bibi hakuungua sana, lakini moshi ulikuwa umeingia kifuani. Hospitalini alipumua kwa shida. Siku ya nne alimwuliza mwanawe kwa sauti ndogo, "Ukuta umepona?"

Siku ya tisa bibi alifariki dunia.

Baada ya mazishi, kaka mkubwa wa dereva alisimama mbele ya ndugu wote. "Umemuua mama kwa ajili ya teksi," alisema. Hakuna aliyempinga.

Dereva aliacha kazi. Gari lilikaa uani, vumbi likalifunika. Alikuwa anakaa kwenye ngazi ya mlango tangu asubuhi hadi jua linapozama. Akiletewa chakula, alikila kidogo, akakisukuma. Binti yake alimwambia habari za shule, naye aliitikia "Ndiyo, mwanangu" hata pale asipoulizwa kitu. Nyumba haikuwa na umeme, kwa sababu Mama Breka alikuwa amewakataza kuuwasha kabla ya nyaya kukaguliwa. Hakuna aliyekwenda kumwita.

Wiki ya tano, mshonaji alisimama mbele ya mumewe. "Baba, mimi peke yangu siwezi. Gari ndilo kazi yetu."

"Liuze. Au lichome na lenyewe."

Mshonaji hakubishana. Alifunga kanga yake, akaenda nyumba ya tatu.

Mama Breka alikuja na mkoba wake wa vifaa. Aliingia chumbani kwa bibi, akafungua soketi iliyoyeyuka. Kisha akafungua fyuzi, akatoa kile kipande cha shaba. Alitoka nacho hadi kwenye ngazi, akaketi karibu na dereva.

"Hujambo, kaka?"

"Sijambo, dada," alijibu, lakini hakumtazama.

"Soketi ile iliwekwa kwa ajili ya redio na pasi. Pasi unaitumia nusu saa, unaizima. Gari lako linavuta umeme kama wa pasi mbili, saa tano, bila kupumzika. Mtu ukimtwika gunia, atalibeba hadi pale. Ukimwambia atembee nalo mchana kutwa, ataanguka. Nyaya za ukutani ni nyembamba, zikapata moto. Waya wako wa dirishani ulikuwa umeungwa na umeviringishwa, ukapata moto zaidi. Fyuzi ilikuwa mlinzi. Ilikatika ili kukwambia mzigo umezidi. Ulipofunga shaba hii, ulimziba mlinzi mdomo."

"Basi ni mimi," dereva alisema.

Mshonaji alimtazama Mama Breka. Alitamani aseme hapana.

"Ni wewe," Mama Breka alisema. "Na ni mimi. Miezi mitatu nilipita hapa kila asubuhi, nikauona ule waya dirishani. Mimi, fundi! Nikajiambia, si nyumba yangu, nisijipendekeze. Ningepiga hodi siku moja tu, mama angekuwepo." Aliweka kile kipande cha shaba chini. "Siwezi kumrudisha. Ninachoweza ni kufunga umeme vizuri. Niruhusu."

Dereva alisogea kando, ampishe apite.

Mama Breka hakuanza kazi siku hiyo. Kwanza aliwapeleka kwenye ofisi ya umeme, waombe kupimiwa kama laini ya nyumba yao inaweza kubeba mzigo wa gari. Walipokubaliwa, alitoa nyaya zote za zamani. Kisha alivuta waya mpya, mnene, kutoka kwenye boksi kuu hadi ukuta wa nje. Haukuwa na kiungo hata kimoja.

"Waya huu ni wa gari peke yake," alimwambia mshonaji. "Pasi isiguse hapa, wala friji. Na una breka yake."

"Na hiki kingine ni nini?" mshonaji aliuliza. Kando ya breka palikuwa na kifaa chenye kitufe kidogo.

"Hiki kinalinda watu. Umeme ukivuja kidogo, labda kwenye maji au kwenye mwili wa mtu, kinakata mara moja. Kipo cha aina inayofaa magari ya umeme, ndicho hiki. Kila mwezi bonyeza kitufe. Kisipokata, msichaji gari, niiteni."

Nje alipigilia nondo ya shaba ardhini, akaiunganisha na waya wa ethi, ule unaoupeleka chini umeme uliovuja. Aliipima kwa mashine yake. Mwisho akafunga soketi ya nje yenye kifuniko cha kuzuia mvua. Mkaguzi alikuja, akapima tena, akatia sahihi.

"Mkisikia harufu ya kuungua, au plagi ikiwa ya moto, zimeni hapo hapo," Mama Breka alisema. "Msiseme ni joto la mchana." Hakujua neno hilo lilikuwa la nani. Dereva aliinamisha kichwa.

Dereva alirudi barabarani. Umeme ulirudi ndani, na binti akasoma tena kwa taa. Kila gari lilipochajiwa, dereva aliweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa baridi. Lakini chumbani kwa mama yake hakuingia. Mshonaji ndiye aliyepaka rangi kuta zile.

Msimu wa mvua ulifika. Alasiri moja mvua kubwa ilinyesha gari likiwa linachajiwa, na kifuniko kilikuwa kimeachwa wazi. Maji yaliingia kwenye plagi. Ndani, kwenye boksi, kitu kililia *tak*.

"Baba, gari limeacha kuchaji!" binti aliita kutoka mlangoni.

"Usiguse! Rudi ndani!"

Mama Breka aliitwa, akaja na mwavuli. Alizima breka, akachomoa plagi, akaikung'uta maji. "Kifaa kimekata umeme," alisema. "Kimefanya kazi yake."

"Kilichukua muda gani?" dereva aliuliza.

"Hata sekunde moja haikufika."

"Hakuna aliyeumia?"

"Hakuna, kaka."

Dereva alitazama kile kifaa, kidogo kama kiberiti cha jikoni, akaikumbuka fyuzi aliyoiziba mdomo. Mshonaji alidhani atafurahi. Badala yake alivua viatu vyake vilivyolowa, akafungua mlango wa chumba cha mama yake, akaingia kwa mara ya kwanza tangu siku ya moto. Aliketi sakafuni chini ya dirisha, akalia kwa sauti. Mkewe aliingia, akaketi karibu naye. Hakumwambia anyamaze.