Pipa Lililotazama Ukuta

Fundi wa cherehani wa mtaa ule aliitwa Sindano. Jina lilitokana na kazi yake, na pia ulimi wake. Asubuhi hiyo ya Jumanne alishona huku akifukuza nzi kwa kipande cha kitambaa. Dirisha alilifunga, lakini harufu iliingia vilevile.

Nje, pipa kubwa la taka la mtaa lilikuwa limefurika. Kifuniko kilivunjika zamani. Wiki ya tatu sasa lori la baraza la mji halijazoa kitu. Kitandani alilala binti yake wa miaka miwili, macho yameingia ndani. Alikuwa akiharisha kwa mara ya pili mwezi huo. Muuguzi alikuwa amemwambia wazi: nzi hutoka kwenye taka na kutua kwenye chakula.

"Watu wa baraza wanatuulia watoto!" Sindano alifoka peke yake.

Mara akasikia honi. Lori! Alitoka mbio, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Lori lilikuwa tayari linageuza. Akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Leo hamwondoki! Mwanangu anaumwa kwa uvivu wenu!"

Mzoa taka, mwanamke mwenye buti za mpira, akaruka chini. Naye alikuwa amefura.

"Uvivu wa nani, dada? Safari ya sita hii tunarudi mikono mitupu! Teksi hii ya nani?"

Teksi ilikuwa imeziba njia ya kufikia pipa. Ilikuwa ya mume wa Sindano. Mwenyewe alikuwa ndani ya nyumba, akikoroma baada ya kazi ya usiku.

"Mbona hamkusema?" Sindano aliuliza. Sauti ilianza kupungua.

"Tumesema. Tangazo tulilibandika kwenye pipa. Mlilipeleka wapi?"

Sindano akakumbuka. Watu wa mtaa wa pili walikuwa wakija kutupa taka zao hapo. Yeye ndiye aliyetoa shauri pipa ligeuzwe, mlango wake wa kutupia taka utazame ukuta, wageni wasiuone. Karatasi iliyobandikwa mlangoni aliiona siku ile. Hakuisoma. Alidhani ni tangazo la dawa ya meno.

Wakalivuta pipa pamoja. Sindano akasoma kwa sauti: "Uamuzi wa Baraza. Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, magari yasiegeshwe mbele ya pipa."

"Nyani haoni kundule," mzoa taka alisema.

"Sawa, nimekosa. Na kifuniko je? Hicho nacho amekivunja mume wangu?"

Mzoa taka akacheka kidogo. "Hapo una haki. Ona namba hii ubavuni mwa pipa. Iandike. Peleka malalamiko ofisini kwa maandishi, udai nakala yenye muhuri. Wakikaa kimya, nenda kwenye kikao cha baraza. Kiko wazi kwa wananchi wote."

Sindano alimwamsha mumewe kwa kumvuta shuka. Mume akatoka na funguo, amenuna.

"Na sisi tuegeshe wapi? Kichwani?"

"Swali hilo hilo tutawauliza wao," Sindano akamjibu. "Sogeza gari!"

Barua ilikaa ofisini wiki mbili bila jibu. Sindano akaenda kikaoni na majirani kumi na wawili. Akainua nakala yenye muhuri, akataja namba ya pipa, tena na tena, mpaka diwani akaacha kutazama simu yake. Siku hiyo waliamua mambo mawili: kifuniko kipya, na mstari wa njano mbele ya pipa. Wakazi wangeegesha magari upande wa pili wa barabara.

Yote yalifanyika. Nzi wakapungua. Mtoto akaanza kukimbia, akaanza pia kuvuruga nyuzi za mama yake.

Ijumaa moja asubuhi, diwani alikuja kutazama kazi ile nzuri. Aliegesha gari lake jeupe juu ya mstari wa njano. Lori likafika, likapiga honi.

Sindano alitoka na tepu yake shingoni. Akagonga kioo.

"Mheshimiwa, uamuzi mliupitisha wenyewe. Ondoa gari, nina mtoto ndani."

Diwani akawasha gari.